Nani anasoma barua pepe za katibu?

SWALI: "Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, wilaya ya Urambo mkoani Tabora. Mwezi wa pili nilimwandikia barua pepe mwandishi wa habari mmoja wa Dar es Salaam, nakala kwa wakili, kuhusu makato ambayo wakulima wetu hawayaelewi. Niliambatanisha stakabadhi kumi na nne. Siku tisa baadaye, kwenye kikao cha bodi, mwenyekiti alitamka sentensi yangu moja neno kwa neno. Sikuwa nimemwonyesha mtu yeyote. Mpwa wangu anayesoma chuo Dodoma anasema serikali ina mitambo inayosoma barua pepe zote, kwa hiyo niweke VPN, nihamie Proton, na niwe naandika rasimu bila kutuma ili mwandishi aingie kwa nywila yangu asome humohumo. Natumia Gmail niliyofunguliwa steshenari mwaka 2017, na simu ya Tecno. Kukiwa na viambatanisho naenda steshenari hapa mjini. Tangu kikao kile nimeacha barua pepe, natumia SMS na kupiga simu tu. Je, ni kweli serikali inasoma? Nifanyeje?"

JIBU: Ndugu katibu, pole kwa usingizi uliokosa. Swali lako ni mawili yaliyoshonwa pamoja. La kwanza ni kama serikali inaweza kufikia barua pepe zako, na jibu lake ni ndiyo, kwa njia fulani. La pili ni kama serikali ndiyo iliyosoma barua hii. Kwa maelezo yako mwenyewe, hilo nalitilia shaka kubwa.

Itazame dalili yenyewe. Mwenyekiti hakusema "tumesikia unatuandika". Alitamka sentensi, neno kwa neno, mbele ya wajumbe. Mtu anayeweza kufanya hivyo ameiona kwenye karatasi au kwenye kioo cha simu, na pengine ameisoma zaidi ya mara moja. Chombo cha dola kilichopata barua kwa siri hakina sababu ya kumkabidhi mwenyekiti wa AMCOS, yaani chama cha msingi, aighani kikaoni, maana siku hiyohiyo siri yao ingekuwa imekwisha. Uvujaji wa namna hii una harufu ya mtu wa karibu: aliyeikuta barua mahali ilipoachwa, akaipiga picha, akaituma WhatsApp. Na kwenye maelezo yako kuna sehemu tatu au nne ambako barua hiyo iliachwa wazi bila wewe kujua. Nitazifikia. Kwanza tuweke sawa namna barua pepe inavyosafiri, kwa sababu ukishalielewa hilo, ushauri wa mpwa wako utaupima mwenyewe.

Fikiria mzigo unaoutuma kwa basi kutoka Tabora kwenda Dar. Karani anaandika kwenye daftari jina lako na namba yako, jina la mpokeaji na namba yake, siku na saa. Mzigo unaingia kwenye buti, buti linafungwa. Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, hakuna anayeufungua. Dar unashushwa stoo hadi mwenyewe aje na kitambulisho. Gmail inafanya kazi hivyohivyo. Tangu mwaka 2014, kila unapoingia Gmail, iwe kwa programu ya simu au kwa kivinjari, mawasiliano kati ya kifaa chako na Google yamefungwa kwa usimbaji, yaani maneno yanageuzwa yasisomeke na asiye na ufunguo. Huwezi kuuzima hata ukitaka. Mnara ulio karibu nawe, kampuni ya laini yako na mkongo wa taifa wote wanaona buti lililofungwa. Wanachojua ni kwamba namba yako, ikiwa chini ya mnara fulani, saa fulani, ilizungumza na Google na kupitisha mzigo wa ukubwa fulani. Jina la mwandishi hawalioni, sentensi yako hawaioni.

Kutoka Google hadi kwa mpokeaji nako buti kwa kawaida linafungwa, ila hapo inategemea seva ya upande wa pili, yaani kompyuta inayompokelea barua zake. Seva kuukuu ya ofisi iliyowekwa zamani na fundi aliyeshahama inaweza kupokea barua ikiwa wazi. Gmail hukuonyesha kufuli jekundu lililofunguka karibu na anwani ya namna hiyo. Ukiliona, simama hapo.

Sasa tatizo la mzigo wa basi ni lipi? Makarani wa ofisi zote mbili wana ufunguo wa stoo. Google inazo barua zako kwenye seva zake na inaweza kuzisoma na kuzitoa, na kampuni ya mpokeaji vilevile. Usimbaji wa njiani haulindi kitu dhidi ya mwenye stoo. Ungekuwa unatia kufuli lako mwenyewe kwenye boksi, ambalo ufunguo wake anao mpokeaji peke yake, karani asingeona cha ndani. Hata hivyo daftari lake bado lingekuwa na majina mawili, siku na saa. Daftari hilo husahaulika kirahisi kwa sababu halina maneno yako, lakini kwa mpelelezi majina na saa mara nyingi yanatosha.

Hapa niseme jambo ambalo sikuulizwa lakini limenishtua kwenye barua yako: umeikimbia barua pepe ukahamia SMS na simu ya kawaida. Ndugu yangu, umetoka kwenye buti ukakaa juu ya keria. SMS haina kufuli kati yako na kampuni ya simu. Inapita mikononi mwao ikiwa wazi, na laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Kumbukumbu za nani alimpigia nani, lini, kwa dakika ngapi na kupitia mnara upi zote ziko kwa kampuni iliyopo hapahapa nchini, ambayo amri ya hapa nchini inaifikia asubuhi na kujibiwa jioni. Kama hofu yako ni serikali, SMS ndiyo njia mbaya kuliko zote ulizotaja.

Turudi kwa mpwa wako. "Mitambo inayosoma barua pepe zote" haikutoka hewani. Mwaka 2013 Edward Snowden alitoa nyaraka zilizoonyesha kwamba shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa likipata data za watumiaji kutoka kampuni kubwa za huko, zikiwamo Google, Microsoft na Yahoo, na pia likichota kwenye nyaya zilizounganisha vituo vya data vya Google. Baada ya hapo Google iliharakisha kufunga hata mawasiliano ya ndani kwa ndani. Lakini sheria za Marekani bado zinaruhusu vyombo vyao kudai barua za mtu asiye raia aliye nje ya nchi kwa masharti mepesi kuliko ya raia wao. Wewe wa Urambo uko kwenye kundi hilo. Kama unalopigania ni makato ya tumbaku, Washington si adui wako wa kwanza, lakini nisingekuwa mkweli nikikuambia Gmail ni sanduku ambalo hakuna serikali inayolifikia.

Kwa hapa nyumbani, Katiba ibara ya 18 inakupa haki ya kutoingiliwa mawasiliano yako, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inafanya kuwa kosa kuingilia mawasiliano ya mtu bila mamlaka halali. Upande wa pili wa mizani, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa cheo kinacholingana, kupekua na kuchukua kifaa kwa ajili ya upelelezi, na kumwamuru mtu yeyote mwenye data aitoe. Soma hapo: "mtu yeyote mwenye data". Kampuni ya laini ni mtu huyo, mwenye steshenari ni mtu huyo, na wewe mwenyewe ni mtu huyo. Google iko Marekani. Kuipata barua kutoka kwao kwa njia rasmi kunapitia utaratibu wa nchi kwa nchi chini ya Sheria ya Kusaidiana katika Masuala ya Jinai ya 1991, na utaratibu huo una makaratasi mengi na subira nyingi. Kwa hiyo mpelelezi mwenye haraka hahangaiki na Google. Anachukua simu yako, iliyo wazi, yenye Gmail isiyodai nywila, na kusoma kila kitu akiwa amekaa kwenye benchi.

Ndiyo maana nasema ulinzi wako uanzie kwenye ncha mbili za safari kabla ya kuhangaikia njia.

Na ncha yako ya kwanza ni steshenari. Nasema kwa heshima, maana steshenari ndiyo inayoshikilia nusu ya maisha ya kidijitali ya nchi hii: maombi ya ajira, mikopo ya wanafunzi, namba za NIDA, vyeti. Lakini kaa kwenye kompyuta ya steshenari yoyote, fungua folda ya vilivyopakuliwa, uone. Utakuta wasifu wa watu usiowajua, picha za pasipoti, mikataba ya viwanja, barua za talaka. Hakuna aliyeiba, vilishushwa vichapwe, mteja akalipa mia mbili zake akaondoka, faili likabaki. Ya kwako yakoje? Stakabadhi kumi na nne zilipigwa skani pale, maana yake kuna faili kumi na nne, au moja nene, kwenye folda ya skana. Kama na barua yenyewe ilichapwa pale kwa Word, ipo kwenye folda ya nyaraka, na Word huorodhesha nyaraka za karibuni mara tu inapofunguliwa. Kama ulimtumia kijana faili kwa WhatsApp ya steshenari, lipo kwenye simu yake na kwenye kompyuta aliyoiunganisha nayo. Halafu kuna karatasi zilizotoka na wino uliofifia. Hizo hazichanwi, zinaandikiwa hesabu upande wa nyuma, au zinakwenda kufungia maandazi.

Swali langu kwako: mihtasari ya bodi ya chama chenu inachapwa steshenari ipi?

Jingine zito zaidi ni hili la "nilifunguliwa". Anayemfungulia mteja akaunti mara nyingi huweka namba ya simu yake mwenyewe kama namba ya kurejesha akaunti, kwa sababu mteja hakuwa na simu karibu au msimbo ulichelewa kufika. Nywila huwa jina la mteja na mwaka wa kuzaliwa, imeandikwa kwenye kikaratasi. Mwenye namba hiyo anaweza, leo hii, kubofya "umesahau nywila", akapokea msimbo kwenye simu yake, akaingia. Si lazima awe na nia mbaya yeye. Inatosha awe na rafiki.

Kwa hiyo fanya haya kwa mpangilio huu, kwenye simu yako, ukiwa kwenye bando lako na si kwenye Wi-Fi ya mtu. Maneno ya menyu hubadilika kidogo kati ya simu na simu, lakini njia ni moja. Nenda Mipangilio, kisha Google, kisha Dhibiti Akaunti yako ya Google, kisha Usalama. Kabla hujagusa chochote, fungua sehemu ya vifaa vyako na uone orodha: kila kompyuta na simu iliyoingia, aina yake, mji, na mara ya mwisho ilipotumika. Piga picha ya skrini. Narudia, piga picha kwanza, kwa sababu ukishamtoa mtu ushahidi wa kuwapo kwake unaweza kupotea nao. Kompyuta ya Windows iliyotumika juzi wakati wewe hujaenda steshenari mwezi mzima ndiyo jibu lako. Ukiona mji umeandikwa Dar es Salaam au Dodoma usiruke. Mitandao ya simu hupitisha wateja wa Tabora kwenye mitambo ya miji hiyo, na Google hukisia mji kwa kuangalia njia ya kutokea. Kinachosema kweli zaidi ni aina ya kifaa na saa.

Kisha angalia namba na barua pepe ya kurejesha akaunti. Weka zako, futa isiyo yako. Ndipo ubadilishe nywila, na ndipo uondoe vifaa usivyovitambua. Watu wengi hubadilisha nywila kwanza wakiiacha namba ya kijana palepale. Hiyo ni kubadilisha komeo ukamwachia mtu ufunguo wa dirisha. Nywila nzuri kwa mtu anayeandika kwa kidole ni maneno matano yasiyohusiana, kama ndoo-mninga-saba-redio-chura (usitumie hayo niliyoyaandika). Iandike kwenye daftari lililoko nyumbani ukiona utasahau. Mwizi wa nywila yako ya mtandaoni haji kupekua sanduku la nguo Urambo.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Msimbo wa SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, ila laini inaweza kubadilishwa na wakala mwenye tamaa, kisha misimbo ikaenda kwa mwingine. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta ya ziada, nenda duka la kampuni husika ukiwa na kitambulisho uifute. Bora zaidi tumia programu ya kutoa misimbo kama Google Authenticator. Inafanya kazi hata mtandao ukikatika, jambo ambalo kwenu si geni. Google pia itakupa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja una tarakimu 8 na unatumika mara moja tu. Inakili kwa mkono. Usiende kuichapa steshenari, tafadhali.

Kuna shimo moja ambalo halionekani kwenye simu kabisa. Gmail inaweza kuagizwa kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani nyingine, kimyakimya, na agizo hilo halifi ukibadilisha nywila. Sehemu yake iko kwenye Gmail ya kompyuta tu: mipangilio yote, ukurasa wa usambazaji na POP/IMAP, halafu ukurasa wa vichujio. Azima kompyuta ya mtu unayemwamini, mwalimu au mganga wa zahanati, ukague kurasa hizo mbili. Ukiona anwani usiyoijua, picha kwanza, futa baadaye. Ukiwa hapohapo, teremka chini kabisa ya kisanduku upande wa kulia, bofya maelezo ya shughuli za mwisho. Utaona saa na njia iliyotumika kuingia. Ukimaliza, ondoka kwenye akaunti kwenye kompyuta hiyo. Dirisha fiche linasaidia historia isibaki, lakini halizuii programu ya kunasa vitufe kama imo, kwa hiyo lisikupe ujasiri wa kurudi kufungulia barua steshenari.

Usisahau WhatsApp. Gusa vifaa vilivyounganishwa, toa kompyuta zote usizozitambua. Maneno ya WhatsApp yamefungwa mwisho hadi mwisho tangu 2016, yaani ni wewe na mpokeaji tu wenye ufunguo, lakini nakala rudufu inayokwenda Google haifungwi hivyo mpaka uwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya gumzo.

Kuhusu stakabadhi: programu ya Google Drive kwenye simu ina kitufe cha kuchanganua karatasi. Iweke stakabadhi juu ya meza kwenye mwanga wa dirisha, piga, inatoka PDF safi. Kurasa kumi na nne hazikumalizii bando. Ukifanya hivyo, kwa kazi ya kutuma huhitaji tena skana ya mtu.

Sasa mashauri matatu ya mpwa, ambaye nia yake ni njema.

VPN inafunga njia kati ya simu yako na kampuni ya VPN. Njia yako kwenda Gmail tayari imefungwa, kwa hiyo unachoongeza ni kumficha kampuni ya laini kwamba unazungumza na Google, jambo ambalo nusu ya wilaya inalifanya kila saa. Barua zilizoko Google hazibadiliki hata chembe. Unabadilisha tu wa kumwamini, kutoka kampuni yenye ofisi Tabora mjini hadi kampuni usiyojua iko wapi, na VPN ya bure inakula kupitia kwako. Tena kuna upande wa sheria: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao kwake, na kanuni za maudhui ya mtandaoni zina adhabu kwa wanaotumia programu hizo kufikia maudhui yaliyozuiwa. Kwa kazi yako, VPN inaongeza kosa linaloweza kuandikwa kwenye hati ya mashtaka bila kuongeza ulinzi. Achana nayo.

Rasimu bila kutuma ni ujanja wa zamani, na una historia. Mwaka 2012, David Petraeus, aliyekuwa mkurugenzi wa CIA yenyewe, shirika la ujasusi la Marekani, aligundulika kuwa aliutumia kuwasiliana kwa siri na Paula Broadwell, mwandishi wa kitabu cha maisha yake. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, waliwapata. Waliilinganisha mitandao ya hoteli ambako akaunti za Broadwell zilifunguliwa na orodha za wageni wa hoteli hizo. Unaona? Lile daftari la karani. Rasimu inakaa kwenye seva ileile, na kila kuingia kunaandikwa. Isitoshe wewe unampa mtu mwingine nywila yako, yaani unafungua mlango mwingine wakati tunahangaika kuziba huu wa kwanza.

Proton ni hoja yenye uzito zaidi. Ni huduma ya Uswisi inayohifadhi barua zikiwa zimefungwa hata kwake yenyewe. Proton kwa Proton ni boksi lenye kufuli lako. Lakini ukimwandikia mwandishi mwenye Gmail, nakala yake inalala Gmail kama kawaida, isipokuwa uitume kama ujumbe wenye nywila, na nywila hiyo umpe kwa njia nyingine. Kichwa cha barua nacho hakifungwi hivyo. Wewe ni katibu, umezoea kuandika YAH: MAKATO YASIYO HALALI YA WAKULIMA WA CHAMA FULANI kwa herufi kubwa. Mstari huo ndio unaobaki wazi, na ndio unaojitokeza kwenye kioo cha simu ya mpokeaji ikiwa mezani imefungwa. Andika "YAH: Salamu" na mengine yaweke ndani. Kisha ujue kuwa mwaka 2021 Proton walilazimika, kwa amri ya mamlaka za Uswisi, kutoa anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa mtandao) ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa. Maneno ya barua Proton hawakuwa nayo ya kutoa, lakini daftari mamlaka zililipata. Hamia Proton kama wakili na mwandishi nao watahamia. Ukihama peke yako unapata kidogo.

Kama mtakubaliana watu watatu kubadilisha njia, ningewapeleka Signal, programu ya ujumbe na simu inayofanana na WhatsApp. Nikilinganisha ugumu na faida, kwa mtu wa simu moja na bando la wiki ndiyo inayolipa. Maneno, faili na simu zote zimefungwa mwisho hadi mwisho, na wenyewe hawatunzi daftari la nani alimwandikia nani. Mwaka 2016 walipodaiwa taarifa na mahakama ya Marekani walichokuwa nacho ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganika mara ya mwisho. Inadai namba ya simu kujisajili, lakini tangu 2024 unaweza kutumia jina la mtumiaji ukaificha namba kwa unaowasiliana nao. Weka ujumbe ujifute baada ya wiki moja. Njia ya kizamani ya kufunga barua pepe, PGP, ipo tangu 1991 na ni imara, lakini hata mwandishi ambaye Snowden alimtafuta kwanza, Glenn Greenwald, alishindwa kuiweka kwa miezi. Siwezi kukupa kazi hiyo kwa moyo mkunjufu.

Hayo yote yanaanguka kama simu inafunguka kwa kuburuta kidole. Weka namba ya siri ya tarakimu sita, isiwe mwaka. Zima maandishi ya ujumbe kuonekana kwenye skrini iliyofungwa. Pokea masasisho. Na simu iliyozimwa kabisa inalinda data zake vizuri kuliko iliyofungwa skrini tu, kwa sababu ufunguo wa usimbaji haujaingia kwenye kumbukumbu mpaka utakapoandika namba ya siri.

Kabla ya kumshuku mtu, mpigie mwandishi na wakili, kwa Signal, uwaulize swali moja bila ukali: mlimpelekea mtu barua ile, hata kipande? Waandishi hutakiwa kumpa anayelalamikiwa nafasi ya kujibu, na wapo wanaonakili sentensi nzima ya mlalamikaji kwenye maswali wanayomtumia. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, sentensi ilimfikia mwenyekiti kwa mlango wa mbele, na steshenari haina kosa.

Kuna mambo ambayo maandishi haya hayatoshi, yanahitaji mtu wa kukaa naye. Ukiitwa polisi, au simu ikichukuliwa, usiende peke yako wala usianze kufuta vitu. Kufuta baada ya wito ni balaa jingine. Pata wakili, au anza na msaidizi wa kisheria wa wilaya, ambao huduma yao ni bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ukigundua kweli kuna mtu aliingia kwenye akaunti yako, hilo ni kosa la jinai kwake chini ya ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na zile picha za skrini ndizo utakazoanza nazo. Malalamiko ya taarifa zako kutumiwa vibaya na mwenye biashara yanapokewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa na sheria ya 2022. Mwulize pia wakili mambo mawili yaliyo nje ya fani yangu: kama barua moja iliyokwenda kwa mwandishi na kwake kwa pamoja bado ina ile kinga ya mawasiliano ya wakili na mteja (nadhani ni salama zaidi kuandika barua mbili), na kama Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya 2015 ingekukinga vizuri zaidi endapo stakabadhi hizo ungezifikisha kwa mamlaka husika, kwa mfano TAKUKURU, na si kwa gazeti pekee.

Kazi yote ya simu niliyoitaja ni saa moja na nusu. Anza na namba ya kurejesha akaunti. Ukikuta inaishia na tarakimu usizozijua, zinakili, kisha zitafute kwenye simu yako kabla hujaendelea: huenda mwenye namba hiyo tayari yumo kwenye majina yako, ameandikwa "Steshenari".